Serikali haina dini, mbona inasubiri mwezi?

#1 NesiWaZamu
Salaam wana jukwaa.

Mimi ni nesi, na moja ya kazi zangu ni kupanga zamu za wodi. Leo ni mfungo wa 29. Ratiba ya wiki hii iko ukutani, majina yote nimeyaandika kwa wino isipokuwa ya kesho na keshokutwa. Hayo nimeyaandika kwa penseli, na kifutio nimekifunga kwa uzi pembeni ya karatasi. Kila mwaka ni hivyo. Wenzangu sita wanataka kujua kama kesho asubuhi wataenda kuswali Idd au watakuja kupokea zamu, na mimi sina jibu mpaka saa tatu usiku redio iseme.

Sasa leo nikiwa nimesimama mbele ya ile ratiba nikajiuliza. Nchi hii imejiandikia kwamba haina dini. Lakini kesho benki, mahakama, shule na ofisi zote zitafunguliwa au zitafungwa kwa kutegemea kama kuna mtu Tanga, Pemba au Kigoma ameona kijimstari cha mwanga kwa dakika chache baada ya jua kuzama. Akiuona, ni sikukuu ya wote, hata ya asiyefunga. Asipouona, ni siku ya kazi.

Naomba mawazo kwa mambo mawili. Kwanza, serikali isiyo na dini inayaamini vipi macho ya shahidi wa dini? Pili, na hili ndilo linanisumbua zaidi: SASA HIVI, saa nane mchana, kesho ni siku gani? Idd ipo tayari tunasubiri kuambiwa, au itazaliwa pale itakapotangazwa?

#2 KinyoziTandika
Nimevuta kiti. Leo saluni imejaa, kila mtu ananyoa akiwa hajui ananyolea Idd ya kesho au ya keshokutwa.

#3 WakiliMkoani
Dada nesi, swali la kwanza ni jepesi. Ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo mwezi hautangazwi na serikali, unatangazwa na Mufti. Sheria ya sikukuu inataja tu kwamba Idd el Fitr ni mapumziko ya siku mbili. Serikali inapokea tarehe kama mkulima anavyopokea taarifa ya mvua. Kupokea taarifa si kuamini dini.

La pili sijui, hilo si la mahakamani.

#4 Mkatekista
Sisi upande wetu hili halitusumbui. Pasaka iko kwenye kalenda tangu Januari, nesi anaiandika kwa wino.

#5 MzeeWaDarubini
Mkatekista, hapo nakukatiza kwa heshima. Pasaka nayo ni mwezi. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Tofauti ni kwamba nyinyi mwezi wenu mliukokotoa zamani mkauandika kwenye jedwali, na jedwali ndilo linalofuatwa, halafu anga lifanye linavyotaka.

Mfano ninao. Mwaka 2019 usiku na mchana vililingana tarehe 20 Machi kwa saa za London, na mwezi ukapevuka saa chache tu baadaye, alfajiri ya tarehe 21. Kwa anga lilivyokuwa, Pasaka ingekuwa 24 Machi. Ikawa 21 Aprili, kwa sababu kwenye jedwali la kanisa mwezi mpevu ulikuwa umeshapita kabla ya mpaka. Mwezi niliouona mimi kwa darubini usiku ule, kwa hesabu ya Pasaka haukuwapo.

Kwa hiyo serikali inasubiri miezi miwili, sheikh mmoja na jedwali moja.

#6 Mkatekista
Mzee, nimefundisha katekisimu miaka 22 na hili sikuwahi kulisikia hivi. Asante. Niachie nilale nalo.

#7 UstadhNgazija
Niongeze upande wetu ili watu wasidhani tofauti za mwezi zimeletwa na redio. Kuna hadithi katika Sahih Muslim ya mtu aitwaye Kuraib. Alikwenda Sham (Syria ya leo), wakauona mwezi wa Ramadhani usiku wa Ijumaa, Muawiya mtawala wa huko akafunga na watu wakafunga. Akarudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamuuliza mliuona lini? Akamwambia. Ibn Abbas akasema, lakini sisi tumeuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka tutimize thelathini au tuuone. Kuraib akasema, hakutoshi kuona kwa Muawiya na kufunga kwake? Akajibu hapana, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume.

Hapo ndipo zilipotoka njia mbili. Wapo wanaosema kila mji na mwandamo wake, na wapo wanaosema ukionekana popote umeonekana kwa wote. Wote wana wanavyuoni wao. Usimcheke mwenzako.

#8 KinyoziTandika
Hilo la kila mji hapa kwetu limeshuka mpaka kila nyumba. Mwaka 2025 mimi niliswali Idd Jumapili tarehe 30 Machi na wanaofuata mwezi wa kimataifa. Kaka yangu tunayekaa naye ua mmoja, mlango kwa mlango, akaswali Jumatatu. Jumapili mama yetu alipika pilau, sufuria moja, akaligawa mara mbili. Nusu tukala sisi mchana, nusu akaifunikia kaka afuturu nayo. Kaka alikaa barazani amefunga, ananitazama nimevaa kanzu mpya.

Namuuliza Ustadh kwa dhati: siku ile ilikuwa Idd au haikuwa? Maana kufunga siku ya Idd ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani bila udhuru ni haramu. Mmoja wetu alikuwa ndani ya haramu, na tulikuwa ua mmoja, kuku wetu mmoja.

#9 UstadhNgazija
Kila mmoja alikuwa sahihi kwa ijtihadi (juhudi ya wanavyuoni ya kutafuta hukumu) aliyoifuata, na Mwenyezi Mungu anajua zaidi.

#10 KinyoziTandika
Nakubali kwa ibada. Ila mimi niliuliza siku yenyewe, sikuuliza thawabu zetu.

#11 MzeeWaDarubini
Mwaka huo wa 2025 mnaoutaja ni mgumu kwa sisi watu wa nyota. Tarehe 29 Machi mwezi ulipita kati ya dunia na jua kama saa nane mchana kwa saa zetu. Si maneno ya kubahatisha, jua lilipatwa siku ile na waliokuwa Ulaya na kaskazini-magharibi ya Afrika waliona kwa macho. Sasa Makka jua lilizama haijafika saa tano baada ya hapo. Mwezi wa umri huo bado umeegemea jua, haujafanya hilali ya kuonekana na jicho la mtu. Lakini Saudia walitangaza umeonekana, na Jumapili ikawa Idd.

Na wengi hawajui kwamba Makka na Dar es Salaam karibu ziko kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, longitudo 39.8 na 39.3. Saa ni ileile. Hatuwezi kusema wao walikuwa bado na mchana au sisi tumetangulia usiku.

#12 KaziniMuscat
Nipo Oman mwaka wa saba. Hapa dini ya dola ni Uislamu, imeandikwa, na kuna Wizara ya Wakfu na Mambo ya Kidini yenye kamati yake ya mwezi. Mwaka huohuo wa 2025 Oman ilisema haukuonekana, tukaswali Jumatatu tarehe 31. Saudia jirani, mpaka mmoja, Jumapili. Dola mbili za Kiislamu, siku mbili. Kwa hiyo msidhani tatizo la dada nesi linatokana na nchi kutokuwa na dini. Ukiwa na dini ya dola bado utashika penseli.

#13 Mombasani
Kenya huku twalifanya kwa njia nyingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, hakuna dini ya taifa. Hapohapo kifungu cha 170 kina mahakama za Kadhi. Kadhi Mkuu ni afisa wa Mahakama, alipwa na hazina, na yeye ndiye hutangaza mwezi. Kisha waziri wa mambo ya ndani hutoa notisi kwenye Gazeti Rasmi. Mwezi wetu una nambari ya notisi.

WakiliMkoani asema kupokea taarifa si kuamini. Sawa, lakini kwetu mwenye kutoa hiyo taarifa pia ni serikali.

#14 WakiliMkoani
Mombasani, na si ndiyo maana makanisa yenu yalipinga katiba ile? Kadhi kulipwa na kodi ya wote.

#15 Mombasani
Mengi yalipinga, kweli, na Mei 2010 majaji wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuwamo kwa mahakama za Kadhi katika katiba ya zamani kulikuwa kinyume cha katiba. Bado wananchi wakapitisha tarehe 4 Agosti. Lakini ujue lilikotoka. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza aliukodi tangu 1895. Mwaka 1963 ukiunganishwa na Kenya, Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar waliandikiana kwamba kadhi atabaki. Kwetu sisi lile ni deni la mkataba.

#16 Mpemba_wa_Wete
Nimewasoma nyote, na sasa niseme nililoliona kwa macho yangu, maana mimi nimepata kuwa shahidi.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikuwa tunarudi na baba kutoka kutega, ngalawa tumeivuta mchangani. Jua limetua, upande wa magharibi kuna ukanda mwekundu, juu yake kijani kidogo, na hapo ndani yake nikauona. Mwembamba kama ukucha uliokatwa. Nikamwambia baba. Baba macho yake yalikuwa yameanza mtoto wa jicho, akatazama, akasema sioni, lakini wewe una macho, twende.

Tukaenda kwa sheikh. Nilidhani nitaulizwa "umeuona?" niseme ndiyo, basi. Kumbe. Alinikalisha mbele ya taa ya chemli, akauliza: ulikuwa kulia kwa jua au kushoto? Pembe zake zilitazama wapi? Juu, chini, kaskazini? Uliuona ukiwa juu ya bahari kiasi gani, mkono mmoja au vidole? Ulikuwa peke yako? Je, ulitaka kuuona? Hilo la mwisho lilinitoa jasho. Kwa sababu nilitaka. Shati jipya lilikuwa limetundikwa ukutani kwa mama.

Nikajibu pembe zilitazama juu, kama ngalawa. Akanyamaza, kisha akaandika. Sikujua kama ushahidi wangu ulikubaliwa au alikuja mwingine baada yangu. Kesho yake tuliswali. Mpaka leo, nikivaa shati jipya la Idd, namsikia yule mzee akiniuliza kama nilitaka.

#17 MzeeWaDarubini
Sheikh yule alikuwa anajua kazi yake. Karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala chali jioni, pembe juu, kama ngalawa ulivyosema. Mtoto aliyeuona kwenye picha za vitabu vya Ulaya angesema pembe zinatazama kando, na hapo angejulikana. Ushahidi wako unalingana na anga.

#18 MtotoWaKamachumu
Hadithi ya Mpemba imenigusa, lakini ndiyo inayonirudisha kwenye swali la dada. Sisi tunafikiri kuna kweli huko nje, safi, halafu kuna macho yetu yanayoifikia au kuikosa. Sheikh alikuwa anapima jicho, na pia alikuwa anapima moyo wa mwenye jicho. Maana yake alijua mtu huona anachokitaka. Sasa kama ni hivyo kwa ukucha wa mwezi, itakuwaje kwa mambo makubwa, Mungu mwenyewe, roho, kesho ya nchi?

Nikiwa mdogo bibi yangu alikuwa haanzi kunywa pombe ya ndizi bila kumwaga tone chini kwa waliotangulia. Kwake walikuwapo pale. Mimi nilisoma seminari nikajifunza hawapo. Leo nina miaka 51, nikimimina, mkono unaenda wenyewe.

#19 DuniaDuara
Tusiende mbali. Serikali yetu inao msimamo juu ya yasiyoonekana, umeandikwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, Mwingereza aliiacha na bado ipo vitabuni, Sura ya 18. Isome uone. Inatoa adhabu kwa anayejidai ana uwezo wa uchawi, na kwa anayemtisha mwenzake kwa uchawi. Lakini pia inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtu anayeshukiwa. Sasa kama hakuna kitu, unamhamisha mtu kwa nini? Na kama kipo, kwa nini kosa ni kujidai?

#20 WakiliMkoani
DuniaDuara, unahamisha kwa sababu majirani wameshika mapanga. Sheria inashughulika na hofu, na hofu ipo hata kama kinachohofiwa hakipo. Nimesimamia kesi ya bibi wa miaka sabini kwa sababu ya macho mekundu tu, macho ya moshi wa kuni. Kwa hiyo naiona ile sheria kwa jicho hilo.

#21 DuniaDuara
Na ukimhamisha umewaambia majirani walikuwa sahihi.

#22 WakiliMkoani
Hilo ni kweli. Sina la kukujibu.

#23 BiMtoni
Niingie kwa yangu, kwa sababu hapa mnaongea mwezi, mimi siku yangu ilikuwa ni mimi mwenyewe.

Mume wangu aliniacha kwa talaka tatu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Nikakaa eda nikamaliza. Kwa sheikh mimi si mke wa mtu. Nilipotaka kuuza kiwanja chetu na kugawana, nikaambiwa mahakamani kwamba kwa sheria ya nchi bado ni mke wa ndoa mpaka hakimu aivunje. Niliishi hivyo miezi kumi na minne. Kwa Mungu ni mtalaka, kwa serikali ni mke. Mwanamume mmoja mwema akaja kuposa, baba akamkubalia, mimi nikamwambia subiri, sijui mimi ni nani.

Kwa hiyo, Kinyozi, namwelewa kaka yako aliyekaa barazani.

#24 WakiliMkoani
Pole sana mama. Na kwa faida ya wengine: Sheria ya Ndoa ya 1971 inazijua ndoa zote, za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za serikali, lakini kuvunja ni mahakama peke yake. Waislamu wamewekewa njia, kifungu cha 107(3). Baraza la usuluhishi likithibitisha limeshindwa kuwapatanisha, na BAADA ya hapo mume akatoa talaka, mahakama inapaswa kukubali kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Wengi wanatangulia kutoa talaka kabla ya baraza, ndipo mambo yanapokaa kama yako. Nendeni barazani kwanza, chukueni hati.

#25 BiMtoni
Asante mwanangu. Ningelijua hili wakati ule.

#26 MtotoWaKamachumu
Wakili, hapo umetuonyesha kitu. Ibara ya 19 inasema dini iko nje ya mamlaka ya nchi, lakini kumbe talaka ya sheikh ina nguvu kwa hakimu ikija kwa mpangilio fulani. Nje na ndani wanapeana mikono mlangoni.

#27 Mkatekista
Na si hapo tu. Juzi nilikuwa shahidi kwenye kesi ya mpaka wa shamba. Kabla sijafungua mdomo karani akauliza, "Dini yako?" Nikasema Mkristo, nikapewa Biblia nikaapa. Shahidi aliyefuata akasema Mwislamu, yeye akathibitisha. Kwenye mwenendo wa kesi iko hivyo: jina, umri, dini. Sensa haijatuuliza dini tangu ya 1967, lakini mpaka wa shamba umeniuliza.

Na Bunge linaanza na dua. Na wimbo wa taifa ni sala kutoka mstari wa kwanza. Aliyeutunga, Enoch Sontonga wa kule Afrika Kusini, mwaka 1897, aliutunga kama wimbo wa kanisa.

#28 Mombasani
Na wetu waanza "Ee Mungu nguvu yetu", ila sauti yake ni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Hapo tumewashinda, wetu twaweza kulala nao.

#29 KinyoziTandika
Ndiyo maana kila uchaguzi mnaamka mmechelewa 😄

#30 DuniaDuara
Niseme jambo zito kidogo. Aprili 2020 tulitangaziwa siku tatu za maombi ya taifa kuanzia tarehe 17 kwa ajili ya korona. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509, hazikuendelea. Juni tukaambiwa Mungu ameiondoa. Hapo, ndugu zangu, serikali haikusubiri mwezi. Ilitangaza mwenyewe kilichopo na kisichopo. Namuunga mkono dada nesi kuuliza, kwa sababu mwezi hauui mtu ukikosewa siku moja.

#31 UstadhNgazija
Kuomba si kosa. Tuliomba misikitini, walioomba makanisani waliomba. Watu walipata utulivu, na hofu nayo ni ugonjwa.

#32 DuniaDuara
Ustadh, sikulaumu dua. Niliswali na mimi. Nasema dua ni yetu kwenda juu. Takwimu ni za serikali kuja kwetu. Moja haifanyi kazi ya nyingine. Sheikh wa Mpemba alimuuliza mtoto "je, ulitaka kuuona?" Nani aliwauliza wakubwa swali hilo mwaka ule?

#33 NesiWaZamu
Nilikuwa wodini mwaka ule, DuniaDuara. Sitaki kuliandika hapa. Niliosha miili.

Ila niwaambie jambo ambalo sikulisema mwanzo. Hospitali ninayofanya kazi ni hospitali teule. Majengo ni ya kanisa, mshahara wangu ni wa serikali, na mimi ni Mwislamu. Kila asubuhi saa moja na nusu kuna sala fupi kwenye ukumbi kabla ya makabidhiano ya zamu. Nasimama nyuma. Sista mkuu anajua, hajawahi kuniuliza. Ukutani juu ya ratiba yangu kuna msalaba, na chini ya msalaba ndiyo kuna penseli yangu ya Idd. Kwa hiyo "serikali haina dini" mimi naisoma kila siku ukutani, na sijawahi kuielewa.

#34 TangaRaha
Hapo ndipo sisi Waislamu tunapouliza. Mwaka 1992 serikali ilitiliana saini na makanisa makubwa, CCT (Jumuiya ya Kikristo) na TEC (Baraza la Maaskofu Katoliki), kuhusu hospitali na shule zao. Kodi ya wote. Sisi tukiomba mahakama ya kadhi Bara, tunaambiwa serikali haina dini.

#35 Mkatekista
TangaRaha, ndugu yangu, mgonjwa hapangwi kitanda kwa dini. Hospitali ile inamtibu nani huko kijijini? Serikali isingefika kule.

#36 TangaRaha
Sikatai. Dada nesi mwenyewe ni ushahidi. Nauliza mizani tu. Na usiseme jambo dogo: Zanzibar ilipojiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, Desemba 1992 ilibidi itoke Agosti 1993, nchi nzima ikatikisika. Mkataba na makanisa wa mwaka uleule hakuna aliyeshtuka.

#37 WakiliMkoani
Kidogo hapo. OIC ilikuwa hoja ya mambo ya nje, ambayo ni ya Muungano, Zanzibar haikuwa na mamlaka ya kujiunga peke yake. Ni swali la kisheria tofauti na la hospitali.

#38 TangaRaha
Kisheria tofauti. Barazani ni swali moja.

#39 MtotoWaKamachumu
Zambia walijaribu dawa nyingine. Tarehe 29 Desemba 1991 Rais Chiluba alitangaza nchi ya Kikristo, baadaye ikaingia kwenye utangulizi wa katiba. Nimeishi Kitwe miaka minne. Bei ya unga haikujua hilo tangazo.

#40 KaziniMuscat
Samahani natoka nje ya mada. Ustadh kwenye #7 aliandika "usiku wa Ijumaa". Vijana wa ofisini kwangu wamesoma wakadhani ni Ijumaa usiku. Waelezeni.

#41 Mpemba_wa_Wete
Usiku wa Ijumaa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likitua. Siku yetu huanza magharibi, ndiyo maana saa moja ni saa moja ya usiku kwanza. Wazee wetu hawakungoja usiku wa manane kubadilisha tarehe. Kwa hivyo dada nesi, jibu la swali lako la saa nane mchana hili hapa: kesho inaanza leo saa kumi na mbili na nusu. Itakapoanza, itakuwa na jina.

#42 MzeeWaDarubini
Mpemba, mimi ningesema jina linalo tayari. Mwezi mmoja wa angani kwa wastani ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Naweza kumwambia nesi leo hii utakuwa wapi jioni ya mwaka ujao, kwa dakika. Kwangu mimi Idd ipo, sisi ndio tumechelewa.

#43 UstadhNgazija
Mzee, unajua utakuwa wapi. Hujui kama utaonekana. Wingu halimo kwenye hesabu yako. Na sisi tumeamrishwa kuuona, hatukuamrishwa kujua ulipo.

#44 MzeeWaDarubini
Hapo Ustadh umenishika. Wingu halimo. Nitalifikiri.

#45 BiMtoni
Mabohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi, wa mtaani kwetu hawana shida hii. Kalenda yao imepangwa kwa hesabu tangu enzi, wakati sisi tunatazama juu wao wamekwishakula. Nilikuwa nawaonea wivu utotoni.

#46 Mpemba_wa_Wete
Niko ufukweni. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Wingu limefunga magharibi yote, kuna tundu moja dogo juu ya kisiwa. Watoto wamepanda juu ya mnazi uliolala. Baba amekuja na fimbo yake, haoni kabisa siku hizi, lakini amekaa juu ya ngalawa uso ameuelekeza kulekule.

#47 KinyoziTandika
Mwulize anaona nini.

#48 Mpemba_wa_Wete
Nimemwuliza. Kasema upepo umegeuka.

#49 KaziniMuscat
Huku tayari ni usiku, kamati bado iko ndani.

#50 NesiWaZamu
Saa mbili na nusu. Redio inapiga kaswida, bado. Mwenzangu wa zamu ya usiku, Mlutheri, amepita ofisini akaona ile mistari ya penseli. Amesema atashika na asubuhi mpaka saa sita, iwe Idd isiwe. Nimemwandika kwa wino. Waliobaki bado.